Redio ya upepo uliyoikuta ndani ya gari: soma waya kwanza, jina baadaye

Magari yaliyotumika huja na vitu ambavyo muuzaji hakuvitaja. Unanunua mkonga, yaani Land Cruiser, kwenye mnada wa shirika la misaada, au Land Rover iliyolala miaka nyuma ya karakana ya halmashauri, au Fuso iliyoshuka bandarini kutoka Japani, na chini ya dashibodi unakuta kisanduku cha chuma chenye maiki ya waya wa msokoto. Fundi umeme anakwambia ni redio kol. Jirani aliyewahi kufanya kazi hifadhini anaiita redio ya upepo, na mgeni wa kutoka Goma ataiita foni. Wote wako sawa, lakini hakuna aliyekwambia inatumia masafa gani, ni ya miaka ipi, na kama bado ina kazi ya kufanya.

Wengi huanza kwa kusoma jina lililoandikwa usoni, kisha wanalitafuta kwenye simu. Naona huo ni mwanzo mbaya. Motorola imetengeneza redio za magari tangu miaka ya 1930, za masafa ya kila namna. Kujua kwamba yako ni Motorola hakukupi hata robo ya jibu. Kenwood, Icom na Yaesu nao wametengeneza redio za polisi, za teksi na za ridhaa (za watu wanaorusha kwa kujifurahisha) zinazofanana sura. Isitoshe, mara nyingi kile kilichofungwa kwenye dashibodi si redio yenyewe. Ni kichwa cha kuiongozea, na redio imejificha chini ya kiti au kwenye buti, ikiunganishwa kwa kebo nene inayopita chini ya zulia. Anayeng'oa kile cha mbele na kukipeleka sokoni amebeba vitufe tu. Jina linaweza kupotosha. Waya zinazoingia na kutoka ni vigumu kupotosha, kwa sababu fundi aliyezifunga alilazimika kufuata matakwa ya redio ile.

Kwanza, je, ni redio?

Ingiza mkono nyuma ya kisanduku utafute kebo ya antena. Ni kebo ya duara yenye waya mmoja katikati na wavu wa shaba ukiuzunguka. Kama kuna maiki na waya za spika lakini kebo hiyo haipo, na gari liliwahi kuwa la wagonjwa, la zimamoto au la polisi, karibu kila mara ulichonacho ni mashine ya king'ora na kipaza sauti, si redio.

Magari ya Japani yana mtego wake. Kile kidude chembamba chenye mwanya wa kadi, kinachotamka maneno ya Kijapani kila unapowasha gari, ni kifaa cha kulipia barabara za mwendokasi za kwao. Kinatumia masafa ya gigahezi 5.8 kuongea na milango ya malipo iliyoko Japani, na huku hakina cha kuongea nacho. Kichomoe bila majuto. Redio halisi ya Kijapani unaitambua kwa maiki na kebo ya antena, na mara nyingi kwa alama ndogo ya mviringo yenye umbo la radi iliyochapwa kwenye kibandiko. Kama gari lilikuwa teksi, tegemea UHF, bendi ya masafa ya juu zaidi, ya megahezi 400 na kitu. Kama mwenye gari alikuwa mtu wa redio za ridhaa, tegemea redio ya bendi mbili, megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440, ndiyo mipaka ya Japani.

Antena inasema mengi

Ukishahakikisha ni redio, usihangaike na uso wake. Toka nje uangalie antena, na uende na futi ya kupimia. Fimbo ya kawaida ya gari hukatwa robo ya urefu wa wimbi la redio, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 75 kwa masafa yaliyo katika megahezi, jibu ndilo urefu kwa mita. Kwa megahezi 155 unapata sentimita 48 hivi. Kwa 450 unapata kama sentimita 17. Kwa 80 inafika karibu sentimita 94. Kwa hiyo fimbo fupi kama kiganja juu ya paa ni UHF, na ya nusu mita ni VHF ya kawaida, bendi iliyo chini ya UHF, ile inayotumiwa na kampuni za ulinzi, hifadhi na madereva wa watalii wanaoelekezana alipo simba.

Hesabu hii ina mahali inapokwama, na ni vizuri kupajua. Antena ya VHF inaweza kuwa na mita moja na robo ikiwa ina koili kwenye kitako chake, kwa sababu imekatwa thumuni tano za wimbi ili kuongeza nguvu upande wa upeo. Ile ya CB (redio za raia) ya megahezi 27 ingetakiwa kuwa karibu mita mbili na sentimita 78, ila nyingi zimefupishwa kwa koili. Ukiona uvimbe popote kwenye fimbo, ujue urefu unaouona si urefu ambao mawimbi yanauhisi.

Sasa fikiria redio ya megahezi 5. Gawanya 75 kwa 5: mita 15. Hakuna gari litakalotembea na mlingoti wa mita 15, na hapo ndipo ilipotoka ile antena nene inayowashangaza watu kwenye ngao za magari ya misaada. Mwili wake ni wa faibaglasi, mnene wa kujaza mkono, juu yake kuna fimbo nyembamba, na chini zinatoka kebo mbili: moja ya mawimbi na nyingine yenye waya nyingi ndogo za kuiongoza. Ndani yake kuna koili inayojirekebisha yenyewe kila dereva anapobadili chaneli. Toleo la kale zaidi halikuwa na akili hiyo. Dereva alishuka na kuhamisha waya kwa mkono kutoka tundu moja hadi jingine kwenye fimbo. Ukiiona mojawapo ya hizo, una HF, bendi ya masafa ya chini kuliko VHF, na una kitu chenye historia ndefu.

Kwa nini mkonga una redio ya Australia

Redio za HF hurusha mawimbi juu hadi kwenye ionosfia, tabaka la anga lililo kilometa mia na zaidi kutoka ardhini, nayo yanarudi chini mbali sana na yalikotoka. Haziombi mnara wala setilaiti. Gari lililokwama porini linaweza kuongea na ofisi iliyo mamia ya kilometa, hata zaidi ya elfu, mradi waongeaji wachague masafa yanayolingana na saa: ya juu zaidi mchana, ya chini usiku.

Waliolihitaji jambo hilo mapema walikuwa Waaustralia wa bara, wenye mashamba yaliyotengana kwa safari ya siku nzima. Mwaka 1929 mhandisi Alfred Traeger wa Adelaide alitoa redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili wakazi wa mbali waweze kumwita daktari wa ndege. Katika mji huohuo ikaanzishwa mwaka 1959 kampuni ya Codan, na kule Perth baadaye ikatokea Barrett. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na hitaji lilelile: AMREF iliyoanzishwa mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege ilifanya kazi na hospitali za mbali kwa redio za HF zenye makao Nairobi.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Kambi za Ngara, Kigoma, Goma na Dadaab zilijaa watu mahali ambapo simu ya mkononi haikuwapo kabisa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada yalizoea kuliwekea kila gari redio mbili: HF ya Codan au Barrett kwa ajili ya mbali, na VHF, mara nyingi Motorola, kwa ajili ya mjini na kambini. Ndiyo maana mkonga mmoja unaweza kuwa na antena nene kwenye ngao na fimbo ya nusu mita kwenye paa. Ukiziona zote mbili, tafuta redio mbili, hata kama machoni ipo moja.

Codan zinazokutwa zaidi ni zile za namba 9323, 9360 na 9390, kisha familia ya NGT iliyokuja mwishoni mwa miaka hiyo. NGT huwachanganya watu kwa sababu maiki yake ndiyo kichwa chake: skrini na vitufe vyote viko mkononi, na sanduku lenye nguvu ya wati 125 limefungwa nyuma ya viti. Kwa upande wa Barrett kuna 550, 950 na 2050. Mara chache utakuta Yaesu System 600, nayo ilipendwa na mashirika madogo. Upande wa VHF, GM300 ni ya miaka ya 1990, na GM360 iliifuata ikiwa na skrini ya maandishi.

Inaniuma ninapoona antena hizi zimekatwa kebo kwa koleo na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Bado kuna njia Ruvuma, Turkana na Ituri ambako simu hunyamaza kwa saa nyingi, na redio kama hiyo ikiwa nzima na yenye leseni inaweza kumwokoa mtu.

Zile za zamani zaidi

Land Rover za serikali na za mashamba makubwa zina hadithi ya Uingereza. Pye ya Cambridge iliuza redio zake kwa wingi katika nchi zilizokuwa chini ya himaya hiyo, na kubwa miongoni mwake ni Pye Westminster ya kuanzia miaka ya 1970. Namba zake zinasomeka ukijua ufunguo. W15AM: W ni Westminster, 15 ni kundi la wati, AM ni namna sauti inavyobebwa. Hiyo AM ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa maana redio nyingi za VHF za magari za siku hizi zinatumia FM, na Westminster ya AM haitaelewana nazo hata ukiiweka kwenye masafa yaleyale. Pye pia walitumia herufi kutaja bendi: A ni megahezi 148 hadi 174, E ni 68 hadi 88. Baadaye Philips iliimeza Pye, na katika miaka ya 1990 biashara hiyo ikawa Simoco, hivyo redio za ukoo mmoja zinaweza kubeba majina matatu tofauti. Mtu anayetafuta kwa jina atadhani ni za ndugu wasiojuana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa redio ya kijeshi ya Uingereza, Wireless Set No. 19, iliyobuniwa na Pye hao hao mwanzoni mwa Vita ya Pili ya Dunia kwa ajili ya vifaru. Nyingi zilizotengenezwa Kanada zina maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi kwenye uso mmoja, kwa kuwa zilipelekwa pia kwa jeshi la Sovieti. Baada ya vita ziliuzwa kwa raia duniani kote. Mtu anayeikuta leo, akiona herufi za Kirusi, huapa kwamba ameokota redio ya kifaru cha Sovieti. Umeme wake, plagi zake na masafa yake, megahezi 2 hadi 8 kwa sehemu kuu, ndivyo vinavyomrudisha Cambridge.

Kwa redio za kijeshi za Marekani kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa tangu 1943 zina mpango mmoja wa kupewa majina. Ukiona AN/ ikifuatwa na herufi tatu, herufi ya kwanza inakwambia mahali inapokaa, ya pili ni aina ya chombo, ya tatu ni kazi yake. Katika AN/VRC-12, V ni ya gari, R ni redio, C ni mawasiliano ya kwenda na kurudi. PRC ingekuwa ya kubebwa mgongoni. Land Rover za jeshi la Uingereza zilizoandaliwa kwa redio nazo unazijua kabla hujaona redio yoyote: umeme wake ni volti 24, na kwenye mabega ya mbele kuna vitako vya antena vilivyobaki wazi.

Namba, vibandiko na kilicho chini ya mfuniko

Baada ya waya na antena kukupa bendi na enzi, hapo ndipo kibandiko kinapoanza kusema kweli. Kipige picha kabla hujakisugua. Usiangalie jina kubwa. Angalia namba ya modeli ndefu. Katika Motorola za mfumo wa Marekani, tarakimu ya pili kati ya mbili zinazofuata herufi ya kwanza ndiyo bendi: 1 ni VHF ya chini, 3 ni VHF ya juu, 4 ni UHF, 5 ni megahezi 800. M34GMC, kwa mfano, ni UHF, hata kama uso wake unafanana na wa redio ya VHF iliyo gari la pili.

Kama kuna maneno FCC ID, umepata hazina. Herufi tatu za kwanza humtaja aliyeitengeneza: ABZ ni Motorola, ALH ni Kenwood, AFJ ni Icom, K66 ni Yaesu na Vertex. Namba hiyo nzima ukiiingiza kwenye hifadhi ya tume ya mawasiliano ya Marekani, unaweza kupata masafa na nguvu zilizoidhinishwa. Kwa CB za Kimarekani kuna njia ya mkato: chaneli 23 maana yake ilitengenezwa kabla ya 1977, chaneli 40 maana yake ni ya mwaka huo au baadaye.

Ukifungua mfuniko, betri ikiwa imetolewa, tafuta tarakimu nne kwenye vidude vyeusi vyenye miguu mingi. Mbili za kwanza ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki: 9318 ni wiki ya 18 ya mwaka 1993. Redio haiwezi kuwa ya zamani kuliko kidude chake kipya kabisa, isipokuwa kama imewahi kufanyiwa matengenezo na kubadilishiwa kidude.

Redio za kabla ya zama za programu zina kristali, vikopo vidogo vya bati vilivyochomekwa kwa jozi, kila jozi chaneli moja. Masafa yaliyochapwa juu yake si yale redio inayotumia. Saketi huyazidisha. Kristali ya kurushia yenye megahezi 13 katika redio inayozidisha mara 12 inakupa 156. Mara ngapi inazidisha hutegemea modeli, na hapo huna budi kupata kitabu chake cha ufundi. Kristali ya kupokelea inafuata hesabu nyingine tena, kwa hiyo usishangae namba mbili za chaneli moja zisipofanana.

Kabla hujawasha

Redio nyingi hizi hazikufa kwa uzee, ziliuawa siku zilipopatikana. Pima volti kwanza. Fuso, Isuzu kubwa na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani ni za volti 24, wakati redio nyingi ni za 12; lazima kuwe na kishusha volti mahali fulani, na aliyeliuza gari huenda alikwishakitoa. Baadhi ya magari ya kale ya Kiingereza yana chanya kwenye bodi badala ya hasi. Fuata waya mwekundu hadi betri uone kama fyuzi ipo.

Usibonyeze kitufe cha maiki kama antena haipo au kebo imekatika. Nguvu inayorushwa ikikosa pa kwenda hurudi na kuchoma transista za mwisho, na hizo ndizo ghali kupita zote. Transista hizo zenyewe, zikiwa na sehemu nyeupe ya kauri, usizivunje wala kuzisugua, kwani kauri hiyo inaweza kuwa na berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Redio za vali za kioo zina umeme wa mamia ya volti unaobaki ndani hata baada ya kuzimwa, na saa za vipimo za redio za kijeshi za miaka ya 1940 zinazong'aa gizani zinaweza kuwa na radiamu, ambayo hutoa mionzi.

Suala la sheria ni fupi. Kusikiliza kama inawaka ni jambo moja, kurusha ni jambo jingine. Tanzania unahitaji leseni ya TCRA, Kenya ya Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ya UCC. Chaneli zilizomo kwenye kumbukumbu ya redio ni za shirika, hifadhi au jeshi fulani, na mtu anayejaribu maiki kwa kusema "haloo, haloo" huenda anaingilia mawasiliano ya gari la wagonjwa. Baadhi ya HF za misaada zimebaki na namba za kupigiana za ofisi zilizoziuza. Ukizikuta, waombe mafundi wenye leseni wazifute. Si zako kuzisambaza.

Kama hutaitumia, iuze nzima. Codan bila kebo yake ya kuongozea antena, au NGT bila maiki yake yenye skrini, haina mnunuzi, na vipande hivyo vikitengana ni vigumu kuvikutanisha tena. Toa sanduku, kichwa, maiki, spika, kishika-maiki, antena na kitako chake pamoja na kebo zote. Bandika kila ncha ya kebo karatasi inayosema ilikochomolewa, na andika volti ya gari na namba ya modeli juu ya sanduku kwa kalamu isiyofutika.